SOMO LA KUFUMA KWA KULABU: BURUDANI KWANZA, MRADI BAADAYE



Masomo yetu mengi huhusu mizani, hisa na vitabu vya hesabu. Somo la safari hii linahusu saa ambazo mwanachama hayumo shambani. Mkulima wa Magole anazo saa za namna hiyo nyingi kuliko anavyodhani: ufuta umekwisha kupimwa na malipo yangali njiani, mvua za masika zimemfungia ndani, au mkutano umechelewa kuanza kwa sababu akidi haijatimia. Saa hizo zaweza kupotea katika manung'uniko, na zaweza pia kutumiwa. Mojawapo ya matumizi yake mazuri ni kufuma kwa kulabu, kazi ambayo wengine huiita krosheti.

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili mwanachama aweze: (a) kueleza kufuma kwa kulabu ni kazi ya namna gani; (b) kutaja faida zake; na (c) kukokotoa thamani ya kazi hiyo kabla ya kuiombea mkopo.

1. Kazi yenyewe

Mfumaji huhitaji vitu viwili tu: donge la uzi, na sindano moja fupi ambayo ncha yake imepindwa mfano wa ndoana. Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na ufumaji wa sweta, unaotumia sindano mbili ndefu. Mfumaji hufanya kitanzi, huingiza kulabu, huuvuta uzi upite ndani ya kitanzi, na kitanzi kipya hupatikana. Vitanzi vikifuatana huwa mnyororo. Mistari ikirudiwa mmoja juu ya mwingine, au ikizungushwa duara, huwa kitambaa cha kochi, cha meza, au kofia ya mtoto mchanga.

Yafaa ieleweke kwamba kazi hii ina msamaha mwingi. Mshonaji aliyekikata kitambaa vibaya amekwisha kukiharibu. Mfumaji aliyekosea huuvuta uzi, vitanzi hufumuka hadi penye kosa, naye huanza tena kwa uzi ule ule. Kwa sababu hiyo mwanafunzi haogopi kujaribu, wala hahitaji mtaji mkubwa wa kujifunzia.

Uzi unaotumika sana ni wa pamba, na pamba si mgeni katika wilaya ya Kilosa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kilifanya kazi ya mbegu za pamba kwa miaka mingi kwa manufaa ya wakulima wa ukanda wa mashariki.

2. Faida

Utulivu wa moyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, waliwauliza wafumaji wa nchi nyingi habari za kazi yao, wakapata majibu zaidi ya 8,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Asilimia 89.5 walisema kwamba kufuma huwatuliza, na asilimia 82 kwamba huwafurahisha. Hayo ni maneno ya watu waipendao kazi hiyo, wala si kipimo cha daktari. Hata hivyo, kila aliyekwisha kuchambua mchele au kusuka ukili anafahamu jinsi mikono inayorudia jambo moja inavyoipunguzia akili mzigo.

Wenyeji wa Magole hawahitaji kuelezwa maana ya mzigo huo. Januari 2014 mafuriko yaliingia katika makazi ya Magole na vijiji jirani, na daraja la Dumila kwenye barabara ya Morogoro hadi Dodoma likakatika. Kitambaa hakirudishi nyumba iliyochukuliwa na maji. Lakini baada ya msiba huja siku ndefu za kungoja, na mtu mwenye kazi mkononi huzivumilia siku hizo vizuri zaidi kuliko mwenye mikono mitupu.

Mazoezi ya hesabu. Ua la kitambaa halitoki bila kuhesabu. Akihesabu vitanzi 23 mahali pa 24, mfumaji huona upande umepinda. Mwanachama aliyezoea kuhesabu hivyo, kurudi nyuma na kutafuta kosa, hatashindwa kuisoma stakabadhi yake ya mazao na kuuliza pale isipolingana na mizani.

Mapambo na mavazi ya nyumbani. Kile ambacho familia ingenunua, hutengenezwa nyumbani, nacho hudumu miaka mingi kikitunzwa.

Mazungumzo. Kufuma hushughulisha mikono na macho, masikio na ulimi hubaki huru. Wafumaji watano wakikaa chini ya mwembe, taarifa ya kamati yaweza kusomwa na kujadiliwa hapo hapo. Wala kazi hii si ya wanawake peke yao. Wavuvi wengi ni wanaume, nao hufuma na kuziba nyavu zao kwa mikono yao wenyewe.

3. Fundisho kutoka Ireland

Katika miaka ya 1840 ugonjwa uliharibu viazi nchini Ireland, na njaa kubwa ikaanza mwaka 1845. Masista wa Kiursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakifundisha ufumaji wa kulabu. Mwaka 1847, katika mji wa Clones, Bibi Cassandra Hand, mke wa kasisi, alileta mwalimu kuwafundisha wanawake wa huko. Vitambaa vyao viliuzwa kwa matajiri wa nchi za nje, na familia nyingi zilipata chakula kwa njia hiyo.

Hata hivyo soko hilo lilipanda na kushuka kwa kufuata mitindo ya mavazi ya watu wa mbali. Mfumaji hakuwa na sauti juu ya bei. Kwa hiyo tuipokee mifano yote miwili: ustadi uliwaokoa watu katika shida, lakini kuutegemea peke yake kulikuwa hatari.

4. Hesabu kabla ya mradi

Mara nyingi kikundi kikifuma vitambaa vizuri, mtu husema, "Sasa tuombe mkopo, tuwe na mradi." Kabla ya kusema hivyo, na tukokotoe. Tuseme seti moja ya vitambaa vya makochi imeuzwa kwa shilingi 20,000. Uzi uligharimu shilingi 6,000, na nauli ya kwenda sokoni na kurudi shilingi 2,000. Imebaki shilingi 12,000. Seti hiyo ilifumwa kwa saa 40. Kwa hiyo kila saa imelipwa shilingi 300.

Je, hiyo ni hasara? Jibu linategemea jinsi saa zile zilivyopatikana. Ikiwa zilikuwa saa za mvua na za kungoja, basi mfumaji amekwisha kulipwa utulivu, na shilingi 12,000 ni nyongeza. Ikiwa aliliacha palizi shambani ili afume, amepoteza. Na ikiwa uzi ulinunuliwa kwa mkopo wenye riba, na vitambaa vikakaa miezi sita bila mnunuzi, deni litalipwa kwa fedha za ufuta, na burudani itakuwa imeula mkate wa watoto.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: kikundi kifume kwanza msimu mmoja kwa uzi ulionunuliwa kwa fedha za wafumaji wenyewe. Kiandike katika daftari uzi uliotumika, saa zilizotumika, na kila kitambaa kilichouzwa. Daftari hilo likionyesha faida, ombi la mkopo lina msingi. Lisipoonyesha, hakuna aliyedhurika, na vitambaa vinapamba nyumba.

5. Wajibu wa Katibu

Elimu kwa wanachama ni kanuni ya tano ya ushirika. Katibu aweza kutoa nafasi katika ghala au ofisi mara moja kwa wiki, na kumwomba mwanachama ajuaye kazi awafundishe wenzake. Wafume mchana penye mwanga wa kutosha, na kila mara wapumzishe macho na viganja.

Jambo moja Katibu alikumbuke. Wakati wa ukoloni, vilabu vya akina mama vilifundisha kushona na kupika, na mara nyingi ushauri wa kilimo ukapelekwa kwa wanaume, ingawa jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake vile vile. Tusilirudie kosa hilo. Mama anayefuma ndiye pia anayelima ufuta. Awe na hisa kwa jina lake, na kura yake ihesabiwe. Kitambaa kisifanywe kisingizio cha kumweka nje ya mkutano.

Maswali ya majadiliano

1. Katika chama chenu, ni miezi gani wanachama wana saa nyingi za kungoja? Hutumiaje saa hizo?
2. Tafuteni mfumaji mmoja kijijini. Kokotoeni pamoja naye malipo yake kwa saa moja, kwa kutumia bei za leo.
3. Kikundi cha wafumaji kimeleta ombi la mkopo bila daftari. Kamati ikijibuje ombi hilo pasipo kuwavunja moyo?
4. Ni wanachama wangapi wa chama chenu ni wanawake? Je, idadi hiyo inalingana na idadi ya wanawake wanaolima?

Kila kikundi kiandike majibu yake na kuyasoma mbele ya wanachama katika mkutano ujao.