Maji ya moto nyumbani: tuchague chombo gani?

Huku Mutuka, hasa Juni na Julai baridi inapokaza, kila nyumba hutaka maji ya moto karibu: ya chai, ya uji, ya kumkanda mgonjwa. Zamani tulitosheka na sufuria na chupa ya chai. Siku hizi kuna pia mabirika ya umeme na zile mashine zenye bomba la moto na la baridi, ziitwazo dispensa. Wazazi hutuuliza: tununue kipi?

Sisi wauguzi tunashauri muanze na swali hili: je, mtoto mdogo wa nyumba hii anaweza kukivuta, kukiangusha au kukifungua chombo hicho? Bei na uzuri vifuate baadaye.

Kwa nini tuanze na mtoto?

Watoto wengi wa chini ya miaka 5 wanaoungua huunguzwa na maji, chai au uji. Ngozi yao ni nyembamba. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu vibaya kwa sekunde chache, na ya nyuzi 70 kwa sekunde moja hivi. Chupa nzuri hutunza joto kwa saa nyingi. Kwa hiyo maji yaliyochemshwa alfajiri yanaweza kuwa bado hatari mchana.

Tuvitazame vyombo vyenyewe

1. Chupa ya chai. Haihitaji umeme. Ina kuta mbili, na katikati hewa imeondolewa, ndiyo maana joto halitoki upesi. Yenye kioo ndani ni ya bei nafuu lakini huvunjika. Ipasheni kwanza kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumimina yanayotokota. Kioo kikivunjika, mwageni maji yote, kwani vipande vidogo havionekani. Ya chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi lakini hudumu. Chagueni yenye kitako kipana na kifuniko kinachokaza. Ile ya kubonyeza iwe na kifungio, maana mtoto naye hujua kubonyeza.

2. Birika la umeme. Chagueni linalojizima maji yakitokota, lenye waya mfupi usioning'inia mezani. Uniti moja ya umeme huchemsha lita 10 hivi. Likishachemsha, mimineni maji kwenye chupa. Msichemshe upya kila mara.

3. Dispensa. Bomba la moto liwe na kizuizi cha watoto, na mashine isimame imara karibu na ukuta. Ikiachwa imewashwa, hupasha maji tena na tena kutwa nzima na kula umeme. Umeme ukikatika, maji hupoa. Tena, dispensa nyingi hazifikishi maji kutokota, na bomba la baridi halichemshi kitu. Basi wekeni humo maji ambayo tayari ni salama.

Kwa familia nyingi, birika au sufuria pamoja na chupa imara ya chuma vinatosha kabisa.

Chombo kizuri hakisafishi maji mabaya

Maji ya kunywa yatokote sawasawa kwa dakika 1. Kwa kuwa Babati iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Msiwe na wasiwasi, vijidudu hufa. Lakini madini ya floraidi, yanayojulikana sana upande wa Minjingu kwa kuharibu meno na mifupa, hayaondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Huko ni afadhali maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au ya chanzo kilichopimwa.

Maziwa na uji wa mtoto msivitunze kwenye chupa. Vikifikia uvuguvugu, vijidudu huzaana humo upesi, na mtoto huharisha.

Mtoto akiungua

Mtoeni haraka kwenye maji ya moto, mvueni nguo na bangili, ila nguo iliyogandamana na ngozi msiibandue. Mwagieni sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili mwingine ukifunikwa asipate baridi. Msipake dawa ya meno, yai, unga, majivu wala mafuta. Msipasue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi, kisha mpelekeni hospitali upesi, hasa akiwa mchanga au akiwa ameungua uso, mikono au sehemu za siri.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Chupa yetu ya chai hukaa wapi, na mtoto wetu mdogo anafikia wapi akinyoosha mkono?
2. Nani hubaki na watoto tunapokwenda shamba au mnadani, na je, anajua la kufanya mtoto akiungua?
3. Maji yetu ya kunywa yanatoka wapi, na je, yamewahi kupimwa?

Jibuni swali la kwanza leo jioni, kabla ya kumimina chai.