Sungusungu wa Mwilini na Homa ya Ini

Katika somo hili tunazungumzia homa ya ini aina ya B. Kwanza tutofautishe jambo moja. Homa ya ini siyo homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu. Homa ya ini aina ya B huletwa na kirusi kinachokaa katika damu na majimaji mengine ya mwili. Zote mbili zinaweza kuyageuza macho yakawa ya njano, ndiyo maana watu huzichanganya.

Sasa tuingie mwilini. Damu yetu ina chembe nyeupe. Hizo ndizo sungusungu wa mwili, zinalinda usiku na mchana. Zikikuta chembe ya ini ambayo kirusi kimejificha ndani yake, huiua chembe hiyo. Ni kama kubomoa nyumba ili kumtoa mwizi. Wengi hawalijui hili: kirusi chenyewe hakiharibu ini sana. Wanaolibomoa hasa ni sungusungu wetu wenyewe!

Mtauliza, je, wakizidisha? Mwili haukuachwa hivi hivi. Zipo chembe nyeupe za aina nyingine, ambazo hapa tutaziita chembe tulizi. Kazi yake ni kama ya mzee anayesimama mbele ya vijana wenye marungu na kusema, "Basi, imetosha." Mtaalamu wa Japani, Shimon Sakaguchi, alizieleza mwaka 1995. Mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kwa watu waliokaa na kirusi cha B muda mrefu, wataalamu wengi wamekuta chembe tulizi nyingi kuliko kawaida, katika damu na katika ini. Faida yake, ini halibomolewi haraka. Hasara yake, kirusi nacho kinasalimika. Mzee amewatuliza vijana, na mwizi bado yumo ghalani anakula mahindi. (Siyo mzee peke yake, vijana nao huchoka kwa vita visivyokwisha.) Basi mtu analima, anazaa, hajisikii mgonjwa, kumbe ini linaumia polepole. Baada ya miaka mingi linaweza kuwa gumu au kupata saratani. Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 1.1 duniani.

Kwa nini basi mzee asiondolewe? Wataalamu wanalichunguza jambo hilo, ila kuna hatari: bila mzee, vijana wanaweza kubomoa ini zima. Dawa inayotumika sana ni vidonge vya tenofovir, kila siku. Vinazuia kirusi kuzaliana, lakini mbegu yake hubaki ndani ya ini. Ukiviacha ghafla bila kumwona daktari, kirusi huweza kuongezeka tena, sungusungu wakaamka kwa hasira, na ini likaumia vibaya.

Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Wakiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, wapatao 9 katika 10 hubaki na kirusi. Kwa watu wazima wenye afya hawafiki 5 katika 100. Kwa hiyo mama mjamzito aombe kupimwa kliniki, na mtoto apate chanjo zake zote. Na mwenye kirusi asitengwe: kula naye sahani moja hakuambukizi. Wembe wake ndio msichangie.