Mashine ya Pumzi Isikuangushe: Vidokezo 8 kwa Wakazi wa Kau na Garsen

Daktari amekupa mashine ya kukusaidia kupumua usingizini, mkoromo umetulia, na mwenzako kitandani anakushukuru kila alfajiri. Hongera! Sasa tuilinde. Filta na barakoa zake si bidhaa za duka la jirani. Huenda ukalazimika kuziagiza Mombasa au Nairobi. Kuzitazama mapema ni rahisi kuliko kungoja gari la Minjila ukiwa na usingizi wa siku tatu machoni.

1. Barakoa kabla ya chai
Jasho la usiku wa Delta pamoja na mafuta ya uso hulainisha silikoni, halafu hewa inaanza kuvujia machoni. Kila asubuhi ifute kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni laini, kisha isuuze. Spiriti na Jik ziweke mbali. Je, unajipaka mafuta ya nazi usoni? Jipake asubuhi, usiku nawa uso kwanza ndipo uvae. Utashangaa jinsi barakoa inavyotulia.

2. Maji ya mto hapana, ya kisima hapana
Hiki nakiomba ukishike sana. Mnajua wenyewe: mto ukipungua, bahari hupanda mpaka mashamba ya Kau na Ozi yakaonja chumvi. Maji hayo kwenye tangi la mashine huacha ukoko mweupe na kuharibu sahani inayopasha joto. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini chumvi inabaki palepale. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa (distilled water). Ulizia kwenye duka la dawa. Na tafadhali, usiyatafute kwenye duka la vipuri vya magari: chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi hufanana mno. Ukikwama usiku mmoja au miwili, tumia maji ya kunywa ya chupa, au uliza daktari kama mashine yako inaweza kwenda bila maji.

Kila asubuhi mwaga yaliyobaki na uache tangi likauke. Ukoko ukitokea, loweka kwa siki kipimo kimoja na maji vipimo vitatu, nusu saa hivi, kisha suuza mpaka harufu iishe. Usiinue wala kuhamisha mashine tangi likiwa na maji, maana yakimwagikia mota, safari ya fundi imeanza. Iweke pia chini kidogo ya usawa wa mto unaolalia, ili maji yasikutiririkie puani.

3. Filta: ipeleke mwangani
Chomoa, inua dirishani, tazama. Imekuwa kijivu? Ya karatasi haifuliwi. Itupe na uweke mpya, kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Ile ya sponji huoshwa kila wiki na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Kiangazi vumbi la Garsen haliulizi mwezi, kwa hiyo tazama kila wiki na ununue filta za miezi kadhaa kwa mpigo.

4. Udi, ubani na dawa ya mbu: chumba kingine
Colin Sullivan, daktari wa Australia aliyetangaza tiba hii mwaka 1981, alianza na mota ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize. Mpaka leo kazi ni ileile: kuvuta hewa ya chumbani na kuisukuma puani mwako. Filta huzuia vumbi, lakini harufu na moshi mwembamba hupita. Basi fukiza mapema, fungua madirisha, kisha washa mashine. Mbu waachie chandarua: pitisha bomba upande wa kichwani, chomeka chandarua vizuri chini ya godoro, na hakikisha hakijaziba tundu la kuvutia hewa.

5. Bomba: livute, lisikilize
Mara moja kwa wiki lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lining'inize kivulini ncha zote mbili zikitazama chini. Likikauka, livute taratibu kwenye mwanga ukitafuta nyufa kwenye mikunjo. Kisha washa mashine, ziba mwisho wa bomba kwa kiganja, na upitishe mkono wa pili ubavuni. Ukihisi upepo, umeshamkamata mwizi.

6. Stima ikipotea
Vua barakoa, lala ubavu, usilale chali. Stima inaporudi kwa kishindo ndipo vyombo huungua, hivyo tumia kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji. Wenye sola: zimeni kipasha joto cha maji na cha bomba, maana hivyo ndivyo vinavyokula betri. Msiunge waya kwa kubahatisha pia. AirSense 10 ya ResMed, kwa mfano, inataka volti 24 ilhali betri nyingi za sola ni volti 12. Tumia kibadilishi cha mtengenezaji.

7. Mfuko wa mafuriko
Waliohama Delta mwishoni mwa 2023 na tena 2024 wanaelewa. Weka tayari mfuko wa nailoni unaoitosha mashine, waya wake, filta moja na karatasi ya daktari yenye kipimo cha presha ya hewa ya mashine.

8. Soma kioo, kisha soma mgongo
Mashine nyingi huonyesha asubuhi ni mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua. Chini ya 5 ndiyo shabaha ya kawaida. Ikipanda usiku kadhaa mfululizo, kagua barakoa kwanza, halafu mpigie daktari. Presha usiiguse mwenyewe. Na kama mashine uliletewa na ndugu kutoka ng'ambo, na ni DreamStation ya Philips iliyotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021, jua kwamba nyingi za aina hiyo ziliitwa zirudishwe mwaka huo kwa sababu sponji ya ndani huweza kumeguka. Nakili namba iliyo mgongoni au chini yake leo, umpe daktari aihakiki.