Watoto Wadogo Kwenye Theluji: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Kila Desemba, shule zikifungwa, familia zetu za Kent, Tukwila na Tacoma hujipakia garini na kupanda hadi njia ya milimani ya Snoqualmie Pass ili watoto wacheze theluji. Ni jambo jema. Mtoto anayekulia jimbo la Washington ana haki ya kuijua milima anayoiona kila siku. Lakini eneo letu la Seattle ni la mvua, na hapo ndipo wazazi wanapopotea: wanaondoka nyumbani kwenye nyuzi 7 za Selsiasi wamevaa kwa ajili ya nyuzi 7, kisha baada ya kilomita zipatazo 80 wanamshusha mtoto kwenye upepo, mita 900 na zaidi juu ya bahari, kipimajoto kikiwa chini ya sifuri. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukuambia kwamba vidole vyake vimekufa ganzi. Atalia, au atanyamaza. Kwa hiyo yafuatayo yazingatiwe yote.

Mavazi

Usimvalishe pamba. Fulana ya pamba, soksi za pamba na jinzi hunywa jasho na theluji iliyoyeyuka, na nguo ikishalowa huufyonza mwili joto. Nguo ya ndani iwe ya sufu au poliesta, juu yake sweta nzito, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Mtoto mdogo aongezewe vazi moja zaidi ya unayovaa wewe.

Usimrundikie soksi. Buti likibana, damu haifiki vidoleni, na mguu wenye soksi tatu huganda kabla ya mguu wenye moja nzuri.

Mnunulie glavu za mfuko, zile zinazoweka vidole vinne pamoja vipashane joto. Usimfunge skafu ndefu. Hunasa kwenye kibao cha kuteleza na kumkaba. Na beba nguo kamili za kubadilisha, pamoja na jozi ya pili ya glavu. Bila hizo msiende.

Garini

Usimfunge mkanda mtoto aliyevaa koti nene. Mkanda utaonekana umebana, kumbe umebana hewa iliyo ndani ya koti. Gari likigonga, koti linabonyea na mtoto anachomoka kitini. Mvue koti, mfunge mkanda hadi ukae mwilini, kisha mfunike kwa koti lake au blanketi. Mama zetu wengi huona huu ni ukatili. Washa hita ya gari mapema, umalize ubishi.

Mkikaa ndani ya gari huku injini inaunguruma, kwanza shuka ukague bomba la moshi. Likizibwa na theluji, kaboni monoksidi huingia ndani, haina harufu, nayo huua.

Mtoto wa kubebwa

Usimbebe mgongoni. Najua tumelelewa hivyo, na nyumbani hakuna mahali salama kuliko mgongo wa mama. Kwenye theluji mambo ni mengine. Wewe unapanda mlima, unatoka jasho, unadhani kuna joto. Yeye amekaa tu, hatengenezi joto, miguu inaning'inia na uso wake huuoni. Ukiteleza na kuanguka chali, unamwangukia. Mbebe kifuani, pua na mdomo vikiwa wazi, na umtazame kila mara. Mwenye umri wa miezi michache aonyeshwe theluji kwa dakika chache, kisha arudishwe kwenye joto.

Ngozi

Usiamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji losheni ya kukinga jua. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, nayo humpiga mtoto kutoka chini, hadi chini ya kidevu. Mafuta ya mgando hayazuii jua. Miwani ya jua pia ni lazima.

Usingoje kuona wekundu. Baridi kali ikianza kuharibu ngozi yetu, wekundu unaotajwa kwenye vipeperushi mara nyingi hauonekani. Tafuta rangi ya kijivu au mpauko, ngozi ngumu yenye sura ya nta, puani, masikioni, vidoleni. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi zaidi kuliko wenzao. Mvue glavu, shika vidole, angalia.

Ukiona dalili, usisugue wala usipashe kwa moto. Mwingize ndani, vua vilivyolowa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu. Akitetemeka sana, akizungumza kilevi au akisinzia ovyo, piga 911.

Kuteleza

Usisimame kando ya barabara kuu ya I-90 kwa kuwa umeona kilima kizuri. Magari ya kusukuma theluji hupita hapo, nayo hayawaoni watoto. Nendeni Hyak, kwenye njia ya kutokea namba 54, ambako kuna mteremko uliotengenezwa. Kibali cha kuegesha gari huko, kiitwacho Sno-Park, kinunuliwe kabla ya safari.

Mtoto akae, miguu mbele, helmeti kichwani. Asilale kifudifudi kichwa kikitangulia. Asichimbe pango la theluji. Likimporomokea hatasikika akiita.

Barabara

Beba minyororo ya matairi, na ujifunze kuifunga ukiwa uani kwako. Ukipuuza kibao kinachoitaka, faini inaweza kufika dola 500. Mkielekea Mount Rainier, kila gari lazima liwe nayo kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 1 Mei, hata lile linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Beba chai kwenye chupa, chapati, maji, pampasi za kutosha foleni ya saa kadhaa. Usimtegemee muuza chakula wa huko.

Desemba jua huzama karibu saa 10:20 jioni, na maji yaliyoyeyuka mchana huwa barafu barabarani. Saa 8 mchana badilisha nguo za watoto na uanze kurudi. Ikifika saa hiyo na bado mko kwenye foleni ya kupanda, geuza gari, hata kama wanalia.