Mafuta ya Nazi: Nusa Kwanza, Lipa Baadaye

Mafuta ya nazi yamepanda cheo. Yalikuwa yakiuzwa kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi au karatasi, leo yamekaa rafu ya supamaketi ndani ya kioo kizito, kifuniko cha dhahabu, na bei ya kukutoa jasho. Kununua si dhambi, na kutengeneza mwenyewe si kazi ya ajabu. Ila kuna mambo ya kujua kabla hujafungua pochi au hujakalia mbuzi.

1. Uliza: ni ya tui au ya mbata?

Swali hili moja litakuokolea pesa. Mbata ni nazi iliyopasuliwa ikakaushwa, kwa jua au kwa moto wa makumbi na vifuu, mpaka unyevu ukashuka hadi kama asilimia 6. Inavumilia safari na ghala, ndiyo maana viwanda vikubwa vinaipenda. Lakini njiani hukutana na vumbi, moshi na ukungu, kwa hiyo mafuta yake husafishwa, hutolewa rangi, kisha hupigwa mvuke wa joto kali mpaka harufu yote iishe. Mafuta bikira (virgin), kama haya ya tui, hutoka kwenye nazi ambayo haijawa mbata, na hayapitii usafishaji huo.

Ya mbata si sumu. Kwa kukaangia mihogo yanafaa sana, tena yanavumilia moto kuliko bikira. Kosa ni kuuziwa ya mbata kwa bei ya bikira.

2. Ukiona "extra virgin", tabasamu, endelea na safari

Daraja hilo ni la mafuta ya zeituni, ambako lina vipimo vyake vya maabara. Kwenye nazi hakuna daraja lililo juu ya bikira. Aliyeandika hivyo amependezesha lebo tu. Bora utafute alama ya ubora ya TBS, ZBS au KEBS na tarehe ya kutengenezwa.

3. Pua yako ndiyo maabara

Fungua kifuniko kama muuzaji anaruhusu. Mafuta bikira yananukia nazi iliyokunwa sasa hivi, harufu nyepesi yenye utamu kidogo. Yasiyo na harufu kabisa yamesafishwa kiwandani, hata lebo iseme nini. Yenye harufu ya moshi huenda yametoka kwenye mbata na hayakusafishwa. Yakinukia uchachu, tui lililazwa kupita kiasi. Na ukionja ukahisi sabuni ulimini, rudisha chupa: hiyo ndiyo ladha ya mafuta ya nazi yanayoharibika.

Rangi nayo inasema. Yakiwa maji, yawe maangavu kama maji ya kunywa. Yakiganda, yawe meupe. Umanjano mdogo unaweza kuwa wa ngozi ya kahawia ya nazi au wa moto uliozidi, si lazima mtu awe amekuchezea.

4. Kuganda si kosa

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24. Chupa ile ile itatiririka Mombasa mwezi wa pili na kuwa ngumu Nairobi au Arusha. Dar es Salaam yenyewe, alfajiri ya Julai, utayakuta yameanza kuganda ndani ya chupa. Watu wa bara wanaoletewa zawadi kutoka pwani hupiga simu kulalamika kwamba wametumiwa samli. Hawakutumiwa samli.

Kuna wanaopima uhalisi kwa friji: tia chupa ndani, na yakiganda yote sawasawa, ni halisi. Kipimo hiki kina faida, maana mafuta ya alizeti yaliyochanganywa humo hubaki majimaji. Lakini hakimkamati kila mjanja. Mafuta ya kiini cha mchikichi yanaganda vivyo hivyo, na ya nazi yaliyosafishwa kiwandani nayo yanaganda. Hapo unarudi kwenye kidokezo cha 3.

5. Usidharau mafuta ya kuchemsha

Hapa ndipo wauzaji wa mjini wanapotufanyia kiburi. Utaambiwa kwamba yaliyokamuliwa baridi ndiyo bikira, na yale ya mama wa Pemba au Mafia, aliyechemsha tui mpaka likatoa mafuta, ni ya daraja la chini. Si kweli. Viwango vya Codex, vinavyowekwa chini ya FAO na WHO, vinayahesabu mafuta kuwa bikira yakipatikana kwa kukamua na kwa joto pekee, bila kubadili asili yake. Joto linaruhusiwa, lisiloruhusiwa ni kuvuta mafuta kwa dawa za kiwandani, kuyang'arisha na kuyaondolea harufu.

Isitoshe, mwaka 2009 watafiti wa Sri Lanka walichapisha ulinganisho wa mafuta ya nazi yaliyotolewa kwa moto na yaliyotolewa baridi, wakakuta ya moto yana zaidi kemikali za asili zinazozuia mafuta kuchacha. Kwa hiyo ukichagua ya baridi kwa sababu unapenda harufu yake nyepesi, sawa, ni ladha yako. Ukiyachagua kwa kuogopa moto, umeogopa bure.

6. Nazi iwe imekomaa hasa

Sasa tutengeneze wenyewe. Dafu na koroma zina nafasi yake, lakini si kwenye mafuta; tui lake ni jepesi na mafuta ni kidogo. Nazi huchukua karibu mwaka mzima mtini mpaka ikomae. Itikise sikioni usikie maji yakicheza. Isiyolia inaweza kuwa imepasuka au imeshaota, na nazi iliyoota huwa imejaa joya, ile nyama laini kama sifongo inayokula mafuta uliyokuwa unayataka. Tazama macho matatu ya kifuu: yawe makavu, bila ukungu.

Nyumbani, pasua moja moja na unuse kila kifuu kabla ya kukuna. Nazi mbovu harabu ya nzima, na hapa si methali, ni maelekezo ya mapishi: moja iliyovunda itanukisha beseni zima.

7. Piga hesabu kabla ya kukuna

Lita moja inataka nazi kubwa 10 mpaka 15, na kwa mikono mitupu tegemea hiyo ya juu au hata zaidi. Zidisha bei ya nazi moja, ongeza gesi au mkaa, kisha linganisha na chupa ya dukani. Ukiwa Kilifi, Tanga au Unguja, au una jirani mwenye minazi, utaona faida. Ukiwa Dodoma au Kampala, ambako nazi imefika kwa lori, mara nyingi ni nafuu kumwagiza mtu wa pwani.

8. Kuna laini, kamua kwa nguvu

Mbuzi anafanya kazi nzuri; blenda pia, bora nazi ikatwe vipande vidogo. Usikwaruze mpaka kwenye ngozi ya kahawia kama unataka mafuta meupe. Maji yawe ya uvuguvugu na yawe kidogo, ya kulowesha tu, kwa sababu kila kikombe unachoongeza leo utakisubiri kikauke au kijitenge kesho. Kamua kwa kifumbu au kitambaa safi cha pamba, mafungu madogo madogo, mpaka viganja viume.

Kasimile, lile tui zito la kwanza, ndilo la mafuta. Tui la pili lipeleke kwenye maharage au mchicha, na machicha wape kuku.

9. Njia ya kulaza

Hii ni ya mtu mvivu mwenye subira. Mimina tui kwenye mtungi wa kioo ili uone kinachoendelea, funika kwa kitambaa, weka mahali penye joto, kisha usiuguse. Usiutikise wala usiukoroge kwa udadisi. Katika joto la pwani, baada ya saa 12 hadi 24 utaona matabaka: maji machachu-machachu chini, mafuta maangavu juu, na kati yao, mara nyingine hata juu ya mafuta, ganda jeupe lililoganda kama mtindi. Sehemu za baridi hungoja zaidi.

Ondoa ganda la juu, chota mafuta taratibu kwa kijiko au upawa mdogo, chuja kwa kitambaa kikavu. Kisha weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, uyapashe moto mpaka viputo vya mwisho viishe. Ukiona doa jeusi, la kijani au la waridi kwenye tui, mwaga lote, usijaribu kuokoa.

10. Njia ya moto

Sufuria pana, nzito, ijae nusu tu, maana tui likichemka linapanda ghafla. Moto wa wastani. Mwanzoni ni povu tupu na kukoroga. Baadaye maji yanapungua, tui linashikana mabonge, na pembeni mwa sufuria unaona mstari wa mafuta unachungulia. Punguza moto hapo hapo, na usitoke jikoni. Simu ipigwe baadaye.

Kuanzia hapo sikiliza. Maji yakiwepo, sufuria inalalama na kurusha matone. Yakiisha, kelele inashuka na viputo vinakuwa vidogo vidogo. Shata, yaani yale mabonge ya chini, yataanza kugeuka kutoka meupe kuwa ya dhahabu hafifu. Epua sasa. Ukingoja yawe kahawia, mafuta yatanukia kukaangwa. Yanalika vizuri kwenye wali, ila kwa nywele au ngozi utatembea na harufu ya jikoni. Chuja yakiwa vuguvugu.

11. Maji ndiyo adui, si hewa ya Dar

Mafuta mengi ya nyumbani huharibika kwa tone la maji lililobaki ndani. Chupa ioshwe, ikaushwe juani mpaka mdomoni, ndipo utie mafuta. Yaache yatulie usiku kucha. Ukiona tone limekaa chini, hamisha mafuta na uliache tone. Kijiko chenye maji kisiingie. Weka kabatini, mbali na jua la dirishani, nayo yatakaa miezi kadhaa bila kulalamika.

12. Ni mafuta, si dawa ya kila kitu

Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ile aina inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani (American Heart Association) kilishauri watu wasiyatumie. Mpishi wa pwani hana haja ya kuogopa: kijiko kwenye mboga ni chakula. Kijiko kikubwa kila asubuhi kabla ya chai, eti kuyeyusha kitambi, ni kalori kama 120 umejiongezea kwa hiari. Mwenye shinikizo la damu au lehemu azungumze na daktari wake kwanza.

Kwenye kikaango, usiyapandishe mpaka yatoe moshi. Bikira huanza kufuka kwenye nyuzi kama 175. Kwenye nywele, kiasi cha ncha ya kidole kinatosha, yayeyushe kwanza viganjani.

13. Shata usitupe

Lichanganye na sukari na hiliki kidogo wakati bado la moto, na watoto watamaliza kabla hujaosha sufuria. Wasiopenda sukari hulitia chumvi na pilipili, wakalila na muhogo wa kuchemsha.