Karani na Baraza la Mshahara

Makarani wa Gorong'a mkoani Mara, yaani watunza kumbukumbu, makatibu muhtasi na wengineo waliomo katika ofisi za umma za Tarime na Serengeti, hunung'unika kila ifikapo Julai kwamba nyongeza iliyotangazwa jukwaani Mei Mosi siyo waliyoikuta katika hati zao za mshahara. Na manung'uniko hayo, ijapokuwa aghalabu yana msingi, hupelekwa mlango usiokuwa wake, kwani humwendea Mkurugenzi wa Halmashauri wakimtaka awaongezee mshahara, jambo asilokuwa na mamlaka nalo, kisha huyanyamazia yale ambayo Mkurugenzi huyohuyo yampasa kuyalipa.

Yafaa tuanze na tangazo lenyewe. Tarehe 1 Mei 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai ya mwaka ule. Na mwezi Mei 2022 iliridhiwa nyongeza ya kima hichohicho kwa asilimia 23.3. Msikilizaji mwenye pupa huipigia hesabu asilimia ile katika mshahara wake mwenyewe, ilhali lililotajwa ni kima cha chini, na wenye ngazi za juu yake hupata nyongeza zao kama zitakavyopangwa katika waraka utokao Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Ndiyo maana Julai 2022 wengi walipigwa na butwaa. Hujja ya karani basi si hotuba, ni waraka: auulize kwa afisa utumishi, atazame ngazi yake, alinganishe na hati yake ya mshahara, na iwapo alicholipwa kimepungua kilichoandikwa, hapo ana dai la kweli.

Kabla ya waraka kutoka pana majadiliano, na hapa ndipo penye haki ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Namba 19 ya mwaka 2003, imeweka mabaraza ambamo upande wa serikali na upande wa vyama vya wafanyakazi huketi pamoja kuzungumza mishahara na masharti ya kazi: chini kabisa Baraza la Wafanyakazi katika kila taasisi, juu yake mabaraza ya pamoja ya kila utumishi, na juu ya yote Baraza Kuu. Fauka ya hayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 68 yawalazimu mwajiri na chama kilichotambuliwa kujadiliana kwa nia njema, na kifungu cha 70 chamtaka mwajiri akipe chama habari zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Kwani ni insafu gani iliyopo ikiwa mmoja anayajua mahesabu ya hazina na mwenziwe anabahatisha? Mwaka 1922, Martin Kayamba, karani wa serikali kule Tanga, alipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, hapakuwa na sheria hata moja iliyomshurutisha mkoloni kuketi naye; leo ipo, na inasikitisha kuona karani anayezifahamu timu za Simba na Yanga kwa majina ya wachezaji wote lakini hamjui mjumbe wake wa Baraza la Wafanyakazi.

Mjumbe huyo hutokana na chama, na kuhusu chama yapo malalamiko ya makato. Kujiunga ni khiyari: hapana awezaye kukulazimisha kuwa mwanachama wa TALGWU, TUGHE au kinginecho. Walakini chama chenye wanachama walio wengi chaweza, kwa makubaliano na mwajiri, kuwatoza ada ya uwakala wasiokuwa wanachama, kwa sababu nao hufaidika na majadiliano yake. Ada hiyo haipaswi kuzidi ile ya mwanachama, wala haifai kupelekwa katika chama cha siasa. Na aliyejiunga akataka kutoka, hutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Atunze nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Majadiliano yakikwama, sheria haikufunga mlango wa mgomo, ila imeuwekea masharti mazito: kura ya wafanyakazi na notisi ya siku 60 kwa serikali. Mwaka 2010 TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kuazimia mgomo wa tarehe 5 Mei. Rais Kikwete akawaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho, na mgomo ule haukufanyika. Kiasi kilichokataliwa siku ile kilipitwa mwaka 2022. Walimu nao waligoma mwishoni mwa Julai 2012, na siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikatamka kwamba mgomo wao haukufuata sheria, wakaamriwa kurudi darasani. Mwenye kugoma nje ya utaratibu hupoteza kinga, na dai lake, hata liwe la haki namna gani, huzama katika mas'ala ya nidhamu.

Yaliyo mikononi mwa Halmashauri ni mengine: nauli ya likizo, posho ya kujikimu ya aliyehamishwa, malimbikizo ya aliyepandishwa cheo ambaye marekebisho ya mshahara wake yamechelewa. Haya yaandikiwe barua kwa Mkurugenzi kupitia kwa mkuu wa idara, pamoja na vithibitisho vyake, na mjumbe wa chama apewe nakala ili ayafikishe barazani kabla bajeti haijapitishwa, maana deni lisiloingizwa katika bajeti husubiri mwaka mwingine. Jibu lisiporidhisha, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, chamtaka mtumishi amalize kwanza njia zote zilizomo katika sheria hiyo, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Na karani wa Gorong'a atakayeiruka ngazi hiyo akakimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kule Musoma, shauri lake litaondolewa kwa kuwa Tume hiyo haina mamlaka, kabla hata halijasikilizwa.