Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja: Kwa Nini Kila Mmoja Upewe Diski Yake

Kompyuta inapowashwa haina habari na mfumo wowote wa uendeshaji, uwe Windows au Linux. Kitu pekee inachokijua ni programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu kwenye bodi mama, ambayo katika makala haya tutaiita programu msingi. Kazi yake ni kukagua viungo vya mashine, kisha kutafuta diski yenye kipakizi, yaani programu fupi inayouita mfumo wa uendeshaji na kuukabidhi mashine. Msomaji anayetaka kuweka mifumo miwili katika kompyuta moja hana budi kuielewa hatua hii ya pili, kwani karibu matatizo yote huanzia hapo. Na wanaotaka kufanya hivyo wameongezeka tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, hali kompyuta nyingi za zamani hazina chipu ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11.

Katika utaratibu wa zamani, ulioanza na kompyuta za IBM zenye diski ngumu mwaka 1983, kipakizi kilikaa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski. Sekta hiyo ilikuwa na baiti 512 tu. Kati ya hizo, 446 zilikuwa za kipakizi, 64 za jedwali la vizigeu vinne, na 2 za mwisho zilikuwa alama ya kuthibitisha kwamba diski hiyo yaweza kuwashia mashine. Mahali penye nafasi ya mpangaji mmoja, wawili hawana budi kugombana: Windows iliposimikwa baadaye ilifuta kipakizi kilichotangulia, tena bila kuuliza.

Utaratibu wa sasa, uitwao UEFI, umeondoa ufinyu huo. Diski hutengewa kizigeu maalumu cha kuwashia, ambamo kila mfumo huweka kipakizi chake ndani ya folda yake, na orodha ya vipakizi huhifadhiwa katika kumbukumbu ya bodi mama. Mtu aweza basi kuuliza: kama vipakizi vyaweza kukaa pamoja kwa amani, diski ya pili ni ya nini? Jibu langu ni kwamba amani hiyo ina mipaka. Kusimika mifumo miwili katika diski moja aghalabu hudai kupunguza kizigeu chenye data, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, data yaweza kupotea. Tena diski ikifa, mifumo yote miwili hufa nayo.

Hata hivyo, diski mbili peke yake si kinga. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliwahi kuniletea kompyuta iliyokataa kuwaka. Ilikuwa na diski mbili: ya zamani yenye Windows, na mpya yenye Linux pamoja na vipimo vyake vyote vya mvua vya misimu miwili. Diski ya zamani ilikuwa imekufa. Fundi aliyemwendea kwanza, alipoona hata ile mpya haiwaki, alimshauri aifomati aanze upya. Kwa bahati njema hakumsikiliza. Diski mpya ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni kipakizi. Siku ya kusimika Linux diski zote mbili zilikuwa zimeunganishwa, na programu ya kusimika ilikuta kizigeu cha kuwashia kipo tayari katika diski ya Windows, ikaweka kipakizi chake humo. Mfumo ulilala nyumba yake, ufunguo ukatundikwa kwa jirani. Tuliwasha mashine kwa flashi, tukanakili vipimo kwanza, ndipo tukamega nafasi kidogo ya diski ile kwa ajili ya kizigeu cha kuwashia na kurudisha kipakizi. Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo, unaposimika mfumo mmoja, diski ya mwingine iwe imechomolewa. Nakili data zako kwanza; na kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wa kurejeshea kwenye karatasi, kwani mabadiliko ya utaratibu wa kuwasha huweza kuifanya Windows iudai. Kisha zima mashine na kuiondoa katika umeme wa ukutani. Diski za SATA zina nyaya mbili, wa data na wa umeme. Zile za NVMe hushikwa kwa skrubu juu ya bodi mama. Ukimaliza kusimika, rudisha diski uliyoitoa. Sasa kila moja ina kipakizi chake, nawe utachagua wakati wa kuwasha kwa kubonyeza kitufe ambacho hutegemea mtengenezaji, mara nyingi F12, F11 au F8.

Baadaye hujitokeza jambo linalowashangaza wengi wa huku kwetu, nalo ni saa. Bodi mama ina saa yake inayoendeshwa na betri ndogo. Linux huiweka katika majira ya UTC na kuongeza saa 3 za Afrika Mashariki inapoonyesha. Windows huichukulia kuwa tayari ni majira ya mahali. Hivyo mtu aliyetoka Linux saa nane mchana hukuta Windows ikisema ni saa tano. (Aliyeko London wakati wa baridi hauoni ugomvi huu hata kidogo.) Kwa anayerekodi vipimo kwa saa, hili si dogo. Dawa rahisi ni kuiamuru Linux ifuate desturi ya Windows: timedatectl set-local-rtc 1.

Hatari kubwa zaidi imejificha mahali pengine. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima Windows aghalabu si kuzima hasa: mfumo huhifadhi hali ya kiini chake katika diski ili uamke upesi. Ukiingia Linux na kuandika katika kizigeu cha Windows wakati huo, Windows itakapoamka itaamini ramani ya zamani ya mafaili, na mafaili yaweza kuharibika. Kipengele hicho huitwa Fast Startup, na huzimwa katika mipangilio ya umeme ya Windows. Hadi utakapokizima, unapotaka kuhamia Linux chagua kuwasha upya badala ya kuzima, kwani njia hiyo huifunga Windows kikamilifu.